Mlango wa Barabarani

Maskati,
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu, shikamoo.

Naipokea marahaba yako kabla haijatoka, maana najua utaitoa umefumba macho, mkono kifuani, na Dada Zuhura anayekusomea itabidi angoje. Dada, shikamoo na wewe. Nakuomba usome kama nilivyoandika, usiruke mahali. Nakukumbuka ulivyokuwa ukimsomea Baba barua za Baba Mdogo na kuziacha sehemu zilizokusema wewe.

Mimi huku mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo limeanza kutabiri mvua katika nchi isiyo na mvua. Vipi miguu yako, Mama? Mtetea wako wa kijivu bado anataga jikoni? Na mvua imeshika, au mawingu bado yanapita juu ya Gongoni hapo Tabora kama msafara, yakienda kunyeshea Urambo?

Barua hii anakuja nayo Mzee Sefu wa Kigwa, anayerudi nyumbani moja kwa moja. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe husema, "Tuko wazima mwanangu, kata," hata nyumba ikiwa inaungua. Karatasi haikatwi.

Kazi inaendelea. Sasa tunafunga dari ya jipsamu kwenye majlisi ya bwana mmoja, chumba cha kupokelea wageni, ambacho ukiwaingiza watu arobaini watakaa na nafasi ibaki. Nimefanya kazi humo miezi mitatu, na niliowaona wamekaa ni bwana mwenyewe na simu yake, na paka. Nilimwuliza mpishi wake, mzee wa Kihindi, wageni huja lini. Akanijibu kwamba watakuja chumba kikiisha. Tangu yeye aanze kazi hapo, chumba kimekwisha mara tatu.

Nikitoka hapo narudi kambini. Tunalala sita katika chumba kimoja, na mlangoni pamebandikwa karatasi: wageni hawaruhusiwi. Kwa hiyo mchana nawatengenezea watu mahali pa wageni, na jioni narudi mahali ambapo mgeni ni kosa. Ni mwaka wa sita sasa, Mama, sijamwambia mtu "karibu" akaingia. Siku nyingine nalitamka peke yangu nikiwa juu ya ngazi, nisije nikalisahau.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini leo.

Unakumbuka mwaka jana Dada aliponiambia kwamba wazazi wa mchumba wa binti yake Asha wanakuja kutoka Igunga, na nyumba haina pa kuwaweka. Nikaona hapo ndipo mahali pa kuonyesha ujuzi wangu. Nikachora ramani. Chumba cha mbele na kile kidogo cha pembeni viwe sebule moja. Baraza ivunjwe, ukuta unyooke. Mlango wa barabarani uzibwe kwa sababu ya vumbi, wageni waingilie uchochoroni, kama wanavyofanya watu wa huku. Kile chumba kidogo ambacho sisi sote tumezoea kukiita cha msafiri, kwenye ramani nilikiandika "stoo".

Fundi Mashaka alinipigia mara mbili kuuliza kama mlango wa barabarani tunauziba kweli. Nikamwambia ziba. Akaniuliza kama mwenye nyumba amekubali. Mama, nikamjibu kwamba mwenye nyumba ni mimi.

Hilo hujawahi kuambiwa na mtu. Sasa nimekuambia.

Halafu Igunga wakaja. Dada alivyonisimulia nilicheka mpaka wenzangu wakaamka kwenye usingizi wao wa mchana. Ati wageni waliketi wameegemea kuta nne kama watu wanaosubiri kutolewa damu, kila mmoja na mto wake, na taa za darini zikiwageuza wekundu, kisha bluu, kisha wekundu tena. Mwishowe baba mdogo wa bwana harusi akauliza kwa adabu kama nyumba hii ina uwani. Wakatoka wote, wakapewa viti karibu na akina mama waliokuwa wakichagua mchele, na binti yetu akaposwa palepale kwenye moshi. Sebule ilibaki na taa zake.

Nilidhani kichekesho kimeishia hapo. Wiki tatu zilizopita Dada akaniambia habari ya Mama Adela, na akaniambia pia kwamba wewe ulikataza nisiambiwe. Samahani Dada kwa kukutaja. Ungetaka kuruka ungeruka, lakini tulishaelewana.

Mama Adela tunamjua sote: yule mama wa Ulyankulu anayekwenda Kigoma kwa binti yake kila akishavuna maharage. Hufika mjini siku moja kabla ya treni, anatua mzigo barazani kwetu, analala chumba kidogo. Nakumbuka alilala kwetu misimu miwili kabla hatujamjua jina, maana Baba hakutaka mtu aulizwe. Babu yake Baba alipita njia hii na mzigo kichwani, kutoka pwani kwenda Ujiji, na hapo Unyanyembe, Tabora ya zamani, alipewa maji kwenye mlango wa watu kabla hajaulizwa jina wala ni wa nani. Aliporudi akajenga jirani yao, akaelekeza mlango wake njiani. Maji kwanza, jina baadaye. Sisi watoto tuliimba maneno hayo tukigombania kopo la kumpelekea mgeni.

Na hata sasa nawaona nyinyi wawili asubuhi zile, wewe kwenye msala wako, yeye amepiga magoti kando na rozari yake, kila mmoja akibisha kwenye mlango wake. Mkimaliza mnaulizana mmeombea nini. Kila mara ilikuwa ni watoto.

Basi msimu huu alifika, akakuta ukuta. Umepigwa lipu, umepakwa rangi, hakuna mlango wala baraza. Kwa maneno ya mama wa vitumbua aliye ng'ambo ya barabara, alisimama muda mrefu na mzigo kichwani. Hakuuliza mtu. Mlango kama ule, uliokuwa wazi miaka yote, ukizibwa, mtu wa njia hii anaelewa jambo moja tu. Akatua mzigo, akapiga ishara ya msalaba, akakuombea kama marehemu pale mbele ya ukuta. Kisha akaenda kulala stesheni.

Na wewe, Mama, ulikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, kwenye godoro nililolichagua mimi, unamwambia Dada kuna mtu nje. Dada akakujibu kwamba hakuna mtu. Simlaumu. Nimemjengea nyumba ambayo ndani huwezi kujua nani yuko nje.

Dada anasema siku ya tatu, mama wa vitumbua alipowaeleza, ulisema, "Basi nimeshaombewa. Kazi imepungua." Hapo nikajua umeumia, maana utani wako naujua ulikotoka na ndiko nilikourithi mimi. Anasema tangu siku hiyo kila alasiri unajikokota na kigoda chako mpaka pembeni mwa uchochoro, juu ya mtaro, unakaa ukitazama upande wa stesheni. Anasema ukiulizwa unangoja nini, unajibu unaota jua.

Mama, nisamehe. Nilitaka wageni waone kwamba una mtoto Maskati. Nikamficha mama asionekane na wageni wake.

Namba ya Mama Adela hatuna, hakuwahi kuhitaji simu ili afike. Dada ameshakwenda stesheni kwa treni mbili za kutoka Kigoma, hakumwona. Lakini lazima arudi kabla ya kupanda, na lazima apite Tabora. Nadhani atapita na mbele ya nyumba pia, hata kama ni kwa ajili ya dua nyingine. Ndiyo sababu nimemsihi Mzee Sefu asilale Dar hata siku moja.

Nimeambatisha ramani mpya. Mlango urudi palepale ulipokuwa. Baraza irudi, kimo chake kipimwe kwa goti lako, si la fundi. Ukuta wa chumba kidogo urudishwe, na sebule ijipange na nafasi itakayobaki. Zile taa apewe Asha, akawashangaze Igunga. Ila Fundi Mashaka asiguse sururu mpaka akuulize wewe, naye ajibiwe na wewe. Ukisema hapana, hii karatasi ifungiwe vitumbua.

Nisalimie Shemeji, mume wa Dada, mwambie magoti yetu sasa ni ya umri mmoja. Nisalimie Asha, bibi harusi wetu wa moshini. Fundi Mashaka mpeni salamu za heshima, alikuwa na haki mara zote mbili. Na mama wa vitumbua, mwambieni asimfiche tena mtu habari kwa siku tatu.

Mkataba wangu unaisha kabla ya mfungo, na safari hii siuongezi. Kutoka Dar nitapanda treni, si basi, nataka kufika kama wanavyofika wenzangu wa njia hiyo. Nitatua begi barazani, nikae, nisibishe hodi. Miaka sita ni mingi, Mama, na macho yako si yale. Usijikaze kunitambua. Nileteeni maji kwanza.

Mimi mwanao, na msafiri wako,
Maulidi