Koili Mbili, Mfuko Mmoja

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mgongo unawaka. Lifti ya jengo la maabara imekufa tena, nimepandisha chupa za maji hadi ghorofa ya tatu. Sita ni za kisima chetu Buguruni, nimezijaza mwenyewe mbele ya mjumbe. Yale maji yananuka petroli tangu gereji ya jirani ichimbe shimo lake la mafuta. Bi Kijakazi, mwenye nyumba wangu, anasema tatizo ni pua yangu ya Karagwe. Anayapikia, mimi nayanywa. Sasa mashine ya maabara itasema.

Jioni nimepanga droo ya dada Saadiya, mtaalamu wetu. Inang'aa!

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimeharibu. Dada kauliza nani kagusa koili zake za kinga. Zilikuwa mbili, mirija iliyoviringwa, nyembamba kama mshipi wa kuvulia, kila moja na kikaratasi chake. Mimi nimezitia mfuko mmoja, vikaratasi nimetupa — vilijaa vumbi. Miaka tisa nimebeba mizigo Kariakoo: vinavyofanana unafunga pamoja visipotee. Nikanyamaza. Mwoga mimi!

Akamweleza bosi Ghanim, nami napiga deki palepale. Tone la maji likiingia kwenye mashine linachemka, linavimba kuwa mvuke mwingi. Kinga inakaa mbele ya koili kubwa inayochambua sampuli, ipokee kishindo. Moja ni ya maji: ndani yake maji yanatandaa. Nyingine ni ya sampuli za mafuta: humo maji yanajikunja matone, yanasukumwa kwa mafungu, mstari wa majibu unapasuka vipande, na koili kubwa inakufa. Tunayo hiyo moja tu. Kuagiza nyingine ni miezi miwili.

Bosi kasema achague yoyote, adunge maji mashineni kwa sindano, serikali ya mtaa wanataka majibu Ijumaa. Dada kamjibu, kwani hii bahati nasibu?

Usiku nimepekua pipa, vikaratasi vimeshazolewa.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimesema. "Dada, ni mimi."

Kauinua ule mfuko. "Kaka Tarsis! Umezifunga kama fungu la mchicha?"

Nikajua kazi imeota mbawa. Lakini kuna jambo nililala nalo. Mimi ndiye mwosha chupa. Kioo chenye mafuta, maji yanasimama vidonge vidonge. Kioo safi yanatandaa. Nikamwuliza, hizi koili si ni kioo ndani? Tukichovya ncha, ya maji si itayavuta?

Dada akaweka wino kwenye maji, akachovya ncha zote mbili, akazimulika na taa. Kwenye moja wino ukapanda, vidole viwili hivi. Kwenye nyingine ukagoma mlangoni!

"Darasa la ngapi vile uliishia?"

La sita, nikamwambia.

"Wangekuacha ufike la saba tungekoma." Akakata vipande vilivyolowa, akatupa. Vikaratasi vipya kaniandikisha mimi.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Kinga ya maji imefungwa mashineni. Dada kaanza na maji safi, mstari kwenye kioo cha kompyuta umelala chali. Halafu ya kwetu. Dakika ya saba mstari ukasimama — mmoja, mrefu, umechongoka. Haukupasuka! Dada kapiga makofi: kinga ndiyo yenyewe. Kisha makofi yakaisha. Kapima chupa ya pili. Mstari palepale. Sumu ya petroli, nyingi.

Bosi yuko mlangoni na kanzu yake, anawahi msikitini, kisha boti ya Unguja. Kasema barua ya majibu atasaini Jumatatu, serikali ya mtaa wangoje, kabla ya hapo asisikike mtu. Anayevujisha asirudi hapa. Kaniangalia mimi.

Wiki nzima nanywa.

Simu imelia, ujumbe wa Bi Kijakazi: "Tarsis ndoo zako nimekujazia mbili. Nimebandika wali wa wapangaji wote, leo Ijumaa, uwahi."

Dada kausoma juu ya bega langu. Kavua glavu. "Naenda kunawa mikono," kasema. "Nanawaga taratibu." Kafunga mlango.

Nimempigia. Inaita. Pokea, mama. Inaita —