Ua wetu utamwagiwa zege

Jumamosi

Jibu nilikuwa nalo, nikashindwa kulisema.

Kwenye kikao cha wapangaji, mwenyekiti aliwaonyesha mchoro wangu wa ua wa ghorofa letu: bustani katikati, mabenchi pembeni. Mama Zuhura, jirani yetu wa chini, akaniuliza, "Mwanangu, tukifiwa, turubai tutalifunga wapi? Juu ya mawaridi?"

Wakacheka. Nilisahau kabisa mambo ya msiba, ilhali Bibi tulimwombolezea hapo hapo uani.

Ningesema tu maua yahamie ukutani, katikati pabaki wazi.

"Basi tumwage zege ua wote, tumalize," akasema mwenyekiti. Fundi anakuja Jumatatu.

Tangu nimalize shule, zaidi ya mchoro huo sijajaribu kitu kingine.

Mama ameniuliza kikao kilikuwaje. Nimemwambia kilikuwa kizuri.