Kifo Chema cha Mama

Jumatatu, 11 Novemba
Maktaba tangu saa mbili. Barua za vifo tena, nimefika ya thelathini na moja. Karne ya kumi na saba, mtawa akifa, wenzake waliandika maisha yake na kuyatuma konventi nyingine ili aombewe. Zote zinaishia namna moja: ameomba radhi, amewasamehe wote, amekata roho akitabasamu. Hata waliokufa ghafla. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inauita uongo wa kupanga. Profesa kaipenda.
Mvua. Nguo hazikauki.

Jumatano, 13 Novemba
Kaka Deo kapiga kutoka Moshi. Mama kaanguka jikoni. Kiharusi. Yuko hospitali.
Pasipoti yangu iko uhamiaji, naongezewa kibali cha kukaa, itarudi tarehe 26. Nimekwenda kuiomba. Karani, kwa Kichina: meiyou, haipo, bado. Alinionea huruma, nilimwona. Haipo lakini.
Mama hajapokea simu yangu tangu nilipotoka unovisi, nikaacha utawa. Miaka sita. "Umenivua nguo mbele ya parokia nzima." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nataka nimsikie akisema jingine. Hilo tu.

Ijumaa, 15 Novemba
Mama amefariki. Saa tano asubuhi, saa za nyumbani.
Silii. Nimekauka.

Jumamosi, 16 Novemba
Bi Mwanaidi kaja na sufuria la wali. Mzanzibari, ananunua nguo za jumla soko la Shahe, nilimtafsiria madukani mwaka jana. Kumbe watu wanakumbuka. Katandika shuka sakafuni, tukakaa msiba wawili. Akaniambia, sali rozari yako mwanangu, mimi nipo. Nikasali yote. Alikuwepo.
Jioni Deo kapiga tena. Niandike wasifu wa marehemu, utasomwa kanisani Jumanne, mimi ndiye msomi. Halafu akasema, Stella, Mama alisema tukwambie amekusamehe.
Nimelia mpaka nimetapika.

Jumapili, 17 Novemba
Nimempigia Mama mdogo Fausta, ndiye aliyemuuguza Mama. Nilitaka kujua tu aliyasema lini, alikuwa amelalaje. Akaniuliza nani kaniambia. Kisha: "Mwanangu, mama yako tangu aanguke hakutoa neno. Hata jina la Yesu hakuweza."
Basi. Deo katunga.
Nina hasira naye. Mtu mzima ovyo. Hajasoma barua hata moja ya wale watawa, na kaipata kanuni yao yote. Sikumpigia. Ningemtukana, na maiti iko ndani.

Jumatatu, 18 Novemba
Wasifu. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, ualimu, watoto wanne. Hayo yameandikika. Ualimu nimeandika kwa raha, alikuwa mkali na wanafunzi wake walimpenda, na yote mawili ni kweli.
Mwisho nimekwama. Ukweli ni kwamba alikufa hajasema na mimi. Nani asome hilo mbele ya jeneza? Nimefuta mara tano. Mara ya sita nikaandika: "Aliagana na watoto wake wote kwa amani, akiwa amewasamehe." Nikamtumia Deo haraka, nisije nikageuza mawazo.
Mimi huyu. Mwenye sura ya tatu.

Jumatano, 20 Novemba
Wamemzika jana, kihambani, kwenye shamba la ukoo, pembeni ya Baba. Video imefika leo asubuhi.
Deo ndiye anayesoma. Koti limembana. Anasoma vizuri, kwa sauti ya shuleni, mpaka pale pa msamaha. Hapo sauti inakatika. Anashika karatasi kwa mikono miwili. Watu wanasema pole, pole. Anaanza upya mstari ule ule, anashindwa, anaumaliza kwa kunong'ona. Maneno aliyoyatunga yeye, nikayaandika mimi, na analia kama ndiyo kwanza ameambiwa.
Sina hasira naye tena.
Nimepika uji. Nimekaa kitandani na simu. Nimeirudisha nyuma pale pale, nikasikiliza tena.