Darasa la Sarakasi la Walimu Wawili

Jumatatu, 10 Tikimt
Wiki ya tatu ya ndoa! Bado naamka mapema nimtazame Endale akilala. Mume wangu! Leo tumepanga darasa letu la sarakasi la kila Jumamosi, ukumbi wa kata, watoto wa miaka saba hadi kumi. Nilitaka tuanze na mnara wa watu. Akacheka. Eti, Wubalem wangu, mtoto hafundishwi kupanda kabla hajajua kuanguka. Basi kwanza kuanguka na kubingirika. Halafu kurusha na kudaka—si mipira, leso! Leso hushuka taratibu, mtoto hudaka bila kuona haya. Nani mwingine angewaza hivyo? Nampenda hadi kifua kinauma.

Jumatano, 12 Tikimt
Mnara kaufuta kabisa. Kubebana mabegani pia! Nimeshangaa. Yeye ndiye mtu wa chini, mbebaji, bora mji mzima wa Dessie, mimi mtu wake wa juu. Tulipendana hivyo, nyayo zangu mabegani mwake. Anasema tuweke mazoezi ambayo mwalimu mmoja ataweza kuyasimamia, mmoja wetu asipokuwepo.
Anawaza mimba! Nimecheka peke yangu jikoni.

Ijumaa, 14 Tikimt
Tilaye alikuja kunywa kahawa. Alimsimamia Endale kwenye harusi, kwa hiyo sasa ni ndugu, hapigi hodi. Kikombe cha kwanza, utani: "Shemeji, umemnenepesha huyu! Wajerumani watamletea ndege ya mizigo."
Wajerumani gani?
Kikombe cha pili hakuna aliyecheka. Mkataba wa miaka miwili, kikundi cha sarakasi cha huko Ujerumani. Wanataka mtu wa chini. Wa juu wanaye. Endale aliutia sahihi kabla ya harusi. Anaondoka mwisho wa mwezi.
"Si wewe ulipaswa kumwambia?" Endale akamuuliza.
"Mimi? Mke wako, bwana!"
"Nani humfikishia bibi harusi habari ngumu, kama si msimamizi?"
Wakabishana hivyo mbele yangu, kama watu waliosahau mzigo kituoni. Kikombe cha tatu, cha baraka, kikapoa.
Kumbe yule mwalimu mmoja ni mimi.

Jumamosi, 15 Tikimt
Watoto wameanguka vizuri. Leso zilijaa hewani, nzuri mno, nikatamani kulia. Meklit, mdogo kuliko wote, akamuuliza Endale lini watapanda mabegani mwake. Endale akainama kufunga kamba za viatu. Hazikuwa zimefunguka.

Jumapili, 16 Tikimt
Napika, daftari hili kando ya jiko. Sasa hivi amekuja mlango wa jikoni. Anasema nikimwambia abaki, atampigia Tilaye, aliyemtafutia kazi hiyo, leo hii mkataba uvunjwe.
Atabaki, namjua. Na kila nikipanda mabegani mwake nitasikia uzito wangu.
"Sema, mpenzi. Nibaki?"
Nimemjibu mchuzi unaungua. Mchuzi hauungui. Bado amesimama pale, simu mkononi—naandika ili nisimtazame—