Kwa Nini Nilichagua Nyoka Mdogo

Jumapili, Bunia. Mvua tangu asubuhi.

Mvua ya leo haina haraka. Imekaa juu ya mabati ya mtaa wetu wa Saio kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko karibu, nami nimekaa chini yake na chai iliyopoa, sina hamu ya kitu. Nilikuwa nimepanga kuandika jambo la kuchekesha leo.

Mama Mdogo ameondoka.

Wacha nianzie mahali pa kuanzia. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliye ng'ambo, ambaye anafuga chatu mrefu kuliko kitanda chake, aliniuliza hapa kwenye maoni kwa nini mimi ninahangaika na kanyoka kadogo. Kama unapenda nyoka, aliandika, penda nyoka kweli. Nilicheka sana. Nikaanza kutunga jibu nikiwa dukani, kati ya mteja na mteja.

Nilitaka kumwambia kwamba chatu anataka kuku, na kuku wa Bunia hata mimi simli kila siku. Nyoka wangu, Sindano, anatosheka na panya, na panya ninao bure. Nauza unga na maharage. Kabla hajaja nilikuwa nashona magunia kila asubuhi. Nilimkuta nyuma ya magunia hayohayo, nyoka wa nyumba, wa kahawia, hana sumu, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nikamtengenezea makao kwenye bidoni la njano, dumu la mafuta, nikalikata ubavuni na kulifunika kwa kipande cha chandarua. Jioni namfungulia azunguke stoo. Magunia yangu sasa yanalala salama.

Halafu kuna midomo ya watu. Nyoka mkubwa hawezi kumaliza wiki katika mji huu kabla mtaa mzima haujasema ni nyoka ya makuta, yule anayesemekana kumtapikia mwenye nyumba pesa, na malipo yake ni ndugu zako, mmoja baada ya mwingine. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuniletea mtoto wa chatu kutoka upande wa Nia-Nia, akidhani atanifurahisha. Nilimfukuza hadi barabarani, yeye na kikapu chake.

Na tena sisi wa huku tumekimbia mara nyingi mno. Kila kitu tunakipima kwa swali moja: siku ya kukimbia, utakibeba? Chatu utamwacha. Sindano anaingia kwenye mkoba na bado kuna nafasi ya sabuni.

Nililiona jibu zuri. Nililipenda mno, na nadhani ndilo lililoniponza.

Mama Mdogo Veronika ni mdogo wake marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Vita vilipofika kijijini kwao, upande wa Kilo, ulikuwa msimu wa kuvuna maharage. Mumewe aliuawa shambani. Yeye alifika Bunia na sufuria moja na Biblia, akapokelewa kambini kwa waliokimbia vita, na mpaka leo analala chini ya turubai linalovuja, anakohoa. Kila Jumamosi nilimpelekea unga. Kila Jumamosi nilimwomba aje akae kwangu, naye akasema hataki kunilemea.

Leo baada ya ibada alikuja. Mkeka kichwani, amelowa chapachapa, anacheka. Nilimvua kitenge, nikampa changu kikavu, nikawasha makaa. Kwa furaha ile nikamsahau Sindano kabisa.

Sikumwona akiingia stoo kuchota unga wa bugali. Nilimkuta amesimama mbele ya bidoni, bakuli mkononi.

Hapo ningesema tu kwamba nyoka huyu nimemkamata leo na nitamtupa. Badala yake nilifanya kama ninavyofanya na ninyi humu. Nikaanza kumsifu. Nikamtoa, nikamzungusha kiganjani.

"Mama, angalia, iko kadogo tu. Haina hata sumu. Tangu iingie humu, biashara inatembea."

"Iliingia wakati gani?" akauliza.

"Wakati wa kuvuna maharagi," nikamjibu, bado natabasamu.

Ulimi uliponza kichwa. Nilikuwa nimeshalitamka ndipo nikaona uso wake.

"Mutoto yangu," akasema, "nyoka ya makuta yote inaanzaka kidogo. Inakuwaka mukubwa siku inaanza kula famille."

Nikamwambia huyu hakui zaidi ya hapa, ni nyoka wa nyumba tu, hata mashambani wako. Nikarudia tena, kama mjinga, kwamba iko kadogo tu.

"Baba Mudogo yako naye alisemaka vile. Vita iko kidogo, ni vijana tu, tuvune kwanza maharagi." Aliliweka bakuli chini polepole, asimwage. "Na miye nilikuwa nakula bunga yako."

Hakupiga kelele wala hakunilaani. Alivaa kitenge chake kilicholowa, changu akakikunja vizuri akakiacha juu ya kiti, akajitwisha mkeka. Nilimfuata na mwavuli mpaka barabara kubwa. Aliukataa. Nao niliununua kwa pesa ya duka.

Nimekuwa na hasira mchana kutwa, lazima niseme. Baba Mdogo aliuawa kwa mapanga, kila mtu wa kijiji kile anajua. Nyoka hashiki panga. Na mimi, ambaye alinibeba mgongoni, ananiona leo mtu wa kuuza ndugu zake! Nimezunguka stoo nikibishana naye peke yangu, na nimeshinda kila hoja.

Lakini sasa hasira imekwisha na kilichobaki ni kibaya zaidi. Waliomuua mumewe hawana sura. Hajui hata mmoja wao, hakuna mlango wa kwenda kubisha na kuuliza kwa nini. Halafu anaingia kwa binti yake wa kulea, anakuta kitu kinachoonekana, kina macho, kilifika msimu uleule, na binti mwenyewe anasema kwa kicheko kwamba tangu hapo mambo yanakwenda vizuri. Ningekuwa yeye ningeamini nini? Na usiku huu, chini ya turubai, anakumbuka kila sahani ya bugali aliyoila kwa unga wangu.

Hilo ndilo siwezi kulivumilia. Kunifikiria vibaya, sawa. Lakini kujifikiria yeye kwamba alimla mumewe...

Nimewaza kumwachia Sindano porini. Haitasaidia. Akiondoka mzima, Mama atasema nimemtuma. Nyoka ya makuta, wanavyosema wenyewe, haifugwi na haifukuzwi. Inauawa mbele ya waliopoteza mtu, la sivyo inaendelea.

Sindano yuko hapa, amejikunja kwenye kona ya bidoni, na tumbo limevimba kidogo. Alikula jana. Hajui kitu, na hajakosea kitu. Nimemwomba msamaha, mchekeni mkitaka.

Wewe wa ng'ambo, jibu lako ni hili, ingawa si lile nililolitunga. Nilidhani kitu kikiwa kidogo hakimwogopeshi mtu. Hapa kwetu kila kitu kilichotuua kilianza kidogo, na nilipaswa kulijua hilo kabla ya Mama kulisema.

Kesho duka halifunguliwi. Nitakwenda kambini kwa miguu, na njiani nitakata fimbo. Nitaiweka mkononi mwa Mama, nitafungua chandarua mbele yake, nami nitageuka nitazame upande mwingine. Kisha nitamwomba turudi nyumbani pamoja.

Njia ni ndefu na ina tope, lakini bidoni si zito. Niliwaambia. Nilimchagua kwa sababu anabebeka.