Debe la Kuoshea Chumvi

Mjukuu wangu Abeli,

Marahaba. Najua unacheka kumwamkia bibi unayelingana naye umri, lakini babu yako ndiye aliyenioa, basi vumilia. Ester na mdogo wake wamepona surua. Mimi nimechoka tu.

Umeuliza kama upake lami chesisi ya pikapu yako kuukuu isiliwe na kutu. Hayati babu yako alikuwa akibeba chumvi kwa pikapu yake kutoka Mikindani. Siku moja nilimkuta chini ya gari na kopo la lami.

"Osha kwanza hiyo chumvi," nikamwambia, nikamsogezea debe langu.

"Maji umeyapandisha toka bondeni na mtoto mgongoni, leo niyamwagie chuma? Hebu mpikie mwanangu uji, Mama Ester!"

Akapaka, ikang'aa. Masika yakapita, kutu ikila chini ya lami bila mtu kuiona, mpaka chesisi ikakatika kwenye mteremko wa Newala. Wewe ulibeba jeneza.

Simlaumu, alinihurumia. Lakini wewe mto uko mlangoni kwako. Osha, kwangua, acha ikauke kabisa, ndipo upake.

Mimi bado napandisha maji. Kila nikilitua debe naliangalia kwanza, ndipo nabandika uji.

Bibi yako,
Mama Ester