Siolewi na Mshenga

Chanji, Jumapili jioni. Upepo wa mwezi wa saba unaingia chini ya mlango kama mwenye nyumba. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kubonyeza hii simu. Lakini leo lazima niandike, maana nikilala nalo hili litanikaba.

Leo nimewaudhi watu sebule nzima, na wala sijutii.

Nianze na Wakorea, kwa sababu ndio wanaolaumiwa. Ndiyo, naangalia tamthilia zao. Zile nyepesi nyepesi, za msichana muuza maua anayegombana na kijana wa jirani mpaka wanapendana. Tulipokuwa wadogo mtaa mzima haukuwa na TV. Siku hizi deki za Kichina zimejaa maduka ya Majengo, na mimi nikishafunga kibanda changu cha ushonaji narudi kuangalia ninachotaka. Watu wanasema ni mambo ya kitoto. Jamani! Kuna wazee hapa wananuniana kwa timu za Ulaya ambazo hazijui hata Sumbawanga iko wapi, na hakuna anayewaita watoto. Mimi nikitoa chozi kwa sababu kijana ameinama kumfunga mwenzake kamba za viatu, eti nimeharibika.

Sisemi zote ni nzuri. Mtoto wa tajiri mwenye kampuni simtaki, ananichosha. Mama mkwe wa kummwagia mtu maji usoni, athubutu kuja Chanji aone. Na ile ya msichana kuteleza kila mara akadakwa kiunoni, hapo mnanidanganya. Nimeteleza kwenye matope ya shamba letu la Mollo tangu utotoni na sijawahi kudakwa na mtu.

Ninachokipenda ni kimoja tu. Mwishoni, hata awe mwoga kiasi gani, yule kijana husimama mbele ya msichana akasema kwa mdomo wake. Anatetemeka, anaharibu maneno, anaanza upya. Lakini anasema.

Zamani nilinunua zile zilizotafsiriwa, ambazo mwanaume mmoja anaongea Kiswahili juu ya sauti za wote: yeye ndiye msichana, yeye ndiye kijana, yeye ndiye bibi, na katikati anatangaza duka lake. Nilicheka sana. Ila nikaja kugundua kwamba kijana akifika pale pa kusema la moyoni, jamaa anapaza sauti na kumfunika kabisa. Nikaziacha. Sasa naangalia zisizotafsiriwa. Kikorea sijui hata salamu, lakini namsikia mwenyewe, na naelewa.

Haya, sasa Shija.

Shija ana duka la dawa za mifugo, mtaa ule ule wa kibanda changu. Kwao ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Ni mtu mpole. Asubuhi za baridi hii huja kuijaza mkaa pasi yangu, anauwasha, ananiwekea mlangoni, anaondoka. Nampenda. Nimeshaandika, asiyetaka afunge ukurasa. Lakini tangu tufahamiane hajawahi kuniambia la maana kuliko "Leo baridi." Alipotaka kuoa alimtuma mshenga kwa wazee, na habari ya posa yangu mimi nikaisikia kwa shangazi Felista, tena tukiwa tunachambua maharage.

Leo baada ya misa wakaja rasmi, nami nikawa nachungulia nyuma ya pazia. Mshenga wao, Mzee Maganga, yule mzee anajua kuongea! Alisema wameona ua kwenye nyumba hii. Alisema Shija ananiwaza akila, ananiwaza akiwa dukani, mpaka wateja wanamwita mara mbili. Wajomba zake wakataja ng'ombe, na baba mdogo, aliyekaa mahali pa marehemu baba, akatabasamu. Shija mwenyewe alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anaangalia viatu vyake. Ndivyo desturi ilivyo, mwoaji anakaa kimya na kusemewa.

Kisha nikaitwa. Kila msichana anaijua zamu yake. Unajifunga kitenge, unapiga magoti, unawapa shikamoo zao, baba anakuuliza kama wageni unawajua na kama wapokelewe, nawe unajibu kwa kisauti kidogo, "Pokeeni." Neno moja tu. Shangazi alikuwa amenifundisha mpaka namna ya kuinamisha shingo.

Nikapiga magoti. Nikaulizwa. Nikasema, "Baba, Mzee Maganga nimemsikia, na amesema vizuri sana. Lakini siolewi na Mzee Maganga. Naomba Shija aniambie mwenyewe."

Weee!

Shangazi akashika kichwa. Baba mdogo akaniuliza kwa Kifipa kama naumwa. Shija akainuka nusu, mdomo wazi, na Mzee Maganga akamvuta shati. Akakaa. Akakaa kweli! Hapo ndipo paliponiuma, wala si kwenye kelele za watu.

Wakaaga kwa heshima, wakisema watarudi nikishatulia. Shangazi hakungoja hata wafike barabarani. "Hao Wakorea wako watakuzeesha humu humu ndani!" Akasema mwanaume anayekuwashia mkaa ameshasema yote, na kwamba mwanaume wa kweli haongei ongei. Mkaa naushukuru, shangazi, na kwa baridi hii naushukuru sana. Lakini kama ameweza kumwambia Mzee Maganga kwamba ananiwaza akila, mimi nimekosa nini mpaka nisiambiwe?

Naogopa. Sitajifanya chuma. Thelathini nimeshaipita, na huenda asirudi. Huenda wale ng'ombe wakapelekwa nyumba nyingine kabla ya msimu wa kulima, nami nikabaki kushona gauni la huyo bibi harusi.

Wageni walipoondoka mama alijifungia jikoni. Nilidhani amekasirika kuliko wote. Jioni hii tukiota moto jikoni akaanza kuongea bila kuniangalia. "Mimi nilisema pokeeni. Baba yako alikuwa mtu mwema, hakunipiga, hakuninyima. Lakini mpaka tunamzika sikujua kama ni yeye aliyenitaka au ni wazee wake."

Akasukuma kuni ndani. Kisha akaniambia nikaweke ile ya muuza maua, ila isiwe ya yule mpayukaji.

Kwa hiyo nimeamua, na shangazi akitaka aninunie mpaka Krismasi. Neno "pokeeni" ninalo, nimelitunza, na nalitamani kulisema. Sitalisema kwa mtu aliyevutwa shati.

Kesho nafungua kibanda mapema. Mkaa nitauwasha mwenyewe. Duka lake liko mtaa ule ule, miguu anayo, mdomo anao, na Jumatatu Mzee Maganga huwa mnadani. Aje atetemeke, aharibu maneno, aanze upya. Kiswahili kikimkimbia, aseme hata kwa Kisukuma.

Nitaelewa.